Mshale wa Baba Ukutani Lodwar

Baba alipofariki, nilikuta kwenye sanduku lake kule Kakuma mshale ambao sikuelewa kazi yake. Ncha ilikuwa fupi kama ukucha, na nyuma yake ngozi imezungushwa ikawa nene kama kizibo. Mama aliuchukua akanibonyeza nao shingoni. Uliniuma kidogo, ukakwama.

“Ni wa kumtoa ng'ombe damu,” akasema. “Hiyo ngozi inauzuia usizame. Unakinga damu ya kunywa kwenye kibuyu, unaziba kidonda kwa mavi yake, anarudi malishoni.”

Baadaye ofisi moja ya Lodwar iliomba vitu vya kale vya kuonyesha wageni wanaopitia huko kwenda ziwani Eliye. Nikaupeleka, nikawaeleza. Niliporudi kuuona, kikaratasi chini yake kilisema kwa Kiingereza kwamba ni silaha ya wizi wa mifugo. Nikamuuliza ofisa ni nani anaenda vitani na mshale unaokataa kuingia. Akasema wageni hupenda kupiga picha silaha.

Ng'ombe wetu wote waliisha kwa ukame. Kitu pekee kilichobaki kuonyesha tulivyowatunza kimetundikwa Lodwar, kinatuita wezi.