Mchanga wa Kona ya Nne

Mwongozo ulifika Jumanne, tarehe 6 Februari, saa nne kasoro robo asubuhi, ndani ya boksi lililofungwa kwa utepe wa plastiki. Saa naikumbuka kwa sababu niliiandika ubaoni mbele ya watoto, kama nilivyozoea kuandika kila jambo lililokuwa na thamani kwangu. Mimi nilisoma nikiwa mtu mzima. Baba yangu, kule Ushirombo, aliniondoa shuleni nikiwa darasa la tano, akaniozesha. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya nikiwa na miaka arobaini na mmoja, katika chumba kimoja na vijana waliokuwa wakiniamkia kwanza ndipo waniazime rula. Mtu aliyesoma kwa kuchelewa haamini sana maneno ya watu. Huamini yaliyopigwa chapa.

Mume wangu alifukiwa na duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo lao, Jumatatu ya tarehe 19 Agosti, kabla ya saa tatu asubuhi. Sikurudi kwa kaka zangu. Sikutaka wanione nikishuka na godoro kichwani. Nilibaki machimboni, upande huu wa Mwakitolyo, na kwa miaka minne niliosha mchanga wa dhahabu mwaloni, mahali ambapo wanawake huinama juu ya makarai toka asubuhi hadi jioni. Zebaki, sumu inayonasa dhahabu, niliishika kwa mikono mitupu. Kwa kazi hiyo nililipia masomo yangu ya jioni, na kwa masomo hayo nikapata cheti cha ualimu wa awali. Naeleza haya ili msomaji asije kudhani baadaye kwamba nilikuwa sijui.

Darasa langu lilikuwa na watoto thelathini na wanne, wote wa wachimbaji na waoshaji. Lilijengwa na mradi wa malezi ya watoto wadogo uliopata fedha zake ng'ambo. Masharti yalikuwa wazi: mtaalamu angekuja kukagua tarehe 14 Machi, akitumia mwongozo ule. Tukifaulu, darasa lingeendelea, uji ungeendelea, nami ningeendelea kuitwa mwalimu. Tukishindwa, mlango ungefungwa, na watoto wangerudi kushinda mwaloni migongoni mwa mama zao.

Mwongozo ulikuwa mzuri, sitausingizia. Karatasi zake ziling'aa hata niliona aibu kuzigeuza kwa vidole vyenye chaki. Ulitaka darasa ligawanywe katika kona: ya vitabu, ya kuigiza, ya kujenga, na ya nne, ya mchanga na maji. Ulisema vifaa vitoke katika mazingira ya mtoto mwenyewe, na mwalimu asiingilie mchezo. Ulionya juu ya vifungo na shanga zinazoweza kumkaba mtoto. Juu ya mchanga ulisema tu uwe safi. Waliouandika waliishi mahali ambapo mchanga ni mchanga.

Jumamosi, tarehe 17 Februari, niliitisha kikao cha wazazi, nikaomba kila mama alete ndoo moja ya mchanga Jumatatu asubuhi.

"Mchanga?" alidakia mama mmoja mwenye ulimi, ambaye tuliwahi kuosha naye bega kwa bega. "Mayu, yaani tunatoka kwenye mchanga, tunalala na mchanga, na huku shuleni wanaomba mchanga?"

Wakacheka. Aliponiita mayu, mama kwa Kisukuma, nilijua ana jingine.

"Hao walioandika hicho kitabu wana watoto?"

"Wana shahada," nikamjibu.

"Mimi nimeuliza watoto."

Jumatatu ndoo zilikuja. Mto wenye mchanga safi uko mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na hakuna mama mwaloni mwenye saa tatu za kutupa. Nilitia mkono katika ndoo ya kwanza. Mchanga ulikuwa wa kijivu, laini, mzito kuliko ulivyoonekana. Nikatia mkono katika ya pili, na ya tatu. Yalikuwa marudio: mchanga uliokwisha kuoshwa kwa zebaki na kurundikwa kando ya makarai, ukingoja siku ya kurudiwa. Mikono yangu iliutambua kabla ya macho.

Nilipaswa kusema, nami nilikuwa na kinywa. Lakini ukaguzi ulikuwa umekaribia, kona tatu zilikuwa tayari, ya nne ilikuwa tupu, na akina mama walisimama mlangoni wakingoja kuruhusiwa waende kazini. Nikawaambia ahsanteni. Nilijiahidi kwamba baada ya tarehe 14 ningeubadilisha.

Haikupita wiki, watoto wakajenga mwalo wao. Waliinamisha ubao, wakautandika kipande cha gunia, wakaweka karai chini yake. Kiongozi wao alikuwa binti wa yule mama mwenye ulimi, mtoto wa miaka mitano, aliyekuja Januari akijua Kisukuma peke yake. Sasa alikuwa akitoa amri kwa Kiswahili.

"Wewe, mwaga maji polepole! Unanipotezea dhahabu!"

"Mimi ni mnunuzi," alijitetea mwenzake.

"Mnunuzi akae kule! Mnunuzi hakai karibu na karai, ataiba."

Nilisimama pembeni nikiandika: wanahesabu, wanapokezana, wanajadiliana. Kila kitu ambacho mwongozo uliahidi kilikuwa kikitokea mbele yangu, nami nilijivuna. Mikono yao ilikuwa ya kijivu hadi kwenye viwiko. Hilo sikuliandika.

Jumatano, tarehe 13 Machi, mama wa yule binti alinifuata darasani.

"Mwangaluka, mayu. Kesho ni wageni. Lile karai lifiche."

"Sura ya nne ya mwongozo inasema mchezo wa mtoto usiingiliwe."

"Mwongozo hauji kesho. Wanakuja watu."

Sikulificha. Nilikuwa na sura ya nne, naye hakuwa nayo.

Mtaalamu alifika Alhamisi saa tano kamili, binti wa umri wa kumzaa, mwenye kishikwambi mkononi na adabu njema. Alinipa shikamoo kabla ya kuketi. Kona tatu alizipita akitabasamu. Kwenye ya nne alichuchumaa.

"Mnafanya nini hapa, wadogo zangu?"

"Tunaosha," alijibu yule mtoto. "Wewe ni mnunuzi? Leo tuna mzigo mzuri."

Mtaalamu hakucheka. Alipiga picha tatu, akasimama.

"Mwalimu, nani amewafundisha kazi hii?"

"Hakuna aliyewafundisha. Wanacheza. Sura ya nne."

"Mama yangu, hii ni kazi ya mgodini. Dunia nzima inapambana kuwatoa watoto huko, na sisi tunawazoesha wakiwa na miaka mitano?"

"Mtoto wa daktari akimpima mwanasesere homa, naye anatumikishwa hospitalini?"

Aligeuka akawatazama watoto tena. Niliona kwamba hoja imemfikia, na moyo wangu ukainuka. Ndipo akauliza, kwa kukamilisha fomu tu:

"Na mchanga mnautoa wapi?"

"Mtoni," nikasema.

Akaandika: mtoni.

Mchanga niliuondoa Jumamosi iliyofuata, tarehe 16, peke yangu, ndoo kwa ndoo, nikaurudisha ulikotoka. Watoto walikuwa wameuchezea siku ishirini za shule. Nimezihesabu mara nyingi, na haziongezeki wala kupungua.

Barua ya mradi ilifika Ijumaa, tarehe 12 Aprili. Darasa letu lilikuwa limeondolewa kwa kuwazoesha watoto kazi za migodini. Tulipewa siku thelathini za kutoa maelezo.

"Waandikie," mama mwenye ulimi aliniambia. Safari hii hakutania. "Wewe una kalamu. Waambie watoto wanacheza walichokiona. Wangekuwa wa Mwadui wangecheza almasi."

Hoja nilikuwa nayo, na nzito. Nilianza barua mara nne. Kila mara niliandika ukurasa mmoja mzuri, wenye aya zilizopangika, juu ya watu wanaopeleka mwongozo mmoja duniani kote kisha wanaogopa kuiona dunia ikiingia darasani. Na kila mara, mwishoni mwa ukurasa, nilikutana na mchanga. Barua ile ingewarudisha. Wakirudi wangekagua upya kona ya nne, wangemuuliza mtoto badala ya kuniuliza mimi, na yule binti hakuwa na sababu ya kudanganya. Wangejua kwamba mjane wa mchimbaji, mwenye cheti, aliwapa watoto marudio wachezee, akatazama, akaandika kwamba wanajifunza.

Walikuwa wamenihukumu kwa kosa nisilolitenda, na sikuweza kujitetea bila kuwaonyesha nililolitenda. Tarehe 12 Mei ilipita. Jumatatu, tarehe 13, walikuja kutia kufuli.

Jumatano, tarehe 29 Mei, nilishuka mwaloni. Yule mama alikuwa ameinama juu ya karai lake, na binti yake kando yake ameinama juu ya dogo. Nilichuchumaa, nikamwambia kwa sauti ndogo kile ambacho sikuwa nimemwambia mtu.

"Ule mchanga wa shuleni ulikuwa marudio. Nilijua siku ile ile mlipouleta."

Hakuinua kichwa.

"Sasa mayu, nani hapa asiyeyajua marudio? Sote tulijua. Njiani tulikuwa tunasema, mwalimu ataturudisha na ndoo zetu. Ulipopokea ukanyamaza, tukasema basi, yeye ndiye aliyesoma. Kitabu kitakuwa kimeruhusu."

Mtoto aliniona, akasema, "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," nikamwitikia.

Akarudi kwenye karai lake. Maji aliyamwaga polepole, kama alivyokuwa akiwafundisha wenzake.