Kazi ya Kukaa Mlangoni

Juzi, walipotangaza kwamba baridi kali inashuka tena Texas, nilikwenda duka la Waafrika hapa mtaani kwetu Alief kutafuta iliki na unga. Mbele yangu kwenye foleni alisimama mwanamke amejifunga leso juu ya koti, tumbo limeshamtangulia, na kwapani kakumbatia mfuko wa makaa. Simjui. Nikamshika mkono.

"Makaa hayo utayawashia wapi, mwanangu?"

Akanitazama kama anayetazama mwizi. "Nyumbani, mama. Stima ikipotea tutaota."

"Nyumbani ndani au nyumbani nje?"

Foleni yote ikageuka. Basi nikamweleza pale pale mbele ya watu, na kwa kuwa nimeshasema mbele ya watu, sioni haya kukuandikia na wewe. Mimi darasa la tatu sikulimaliza. Ukiona maneno yamekaa upande, nyoosha mwenyewe.

Lazima nianzie mbali, Takaungu kwetu pwani, kwa nyanya yangu aliyenilea. Nyanya alikuwa mkunga. Nusu ya watoto wa mji ule walidondokea mikononi mwake, na mama zao akawakanda kwa maji ya moto siku arobaini, asubuhi na jioni, mpaka mwanamke akitoka nje anang'aa kama sinia ya shaba. Popote alipokwenda nilimfuata na kikapu kichwani: mafuta ya nazi, udi, uwatu, pilipili manga, na vile vitambaa vyake vyeupe ambavyo ole wako uvishike na mikono michafu.

Nikifumba macho nakisikia kinu kikitwangwa uani, na maji yakichemka kwenye chungu kikubwa cheusi. Nanusa uji wa pilipili manga na supu ya kuku aliyekuwa akitembea saa ile ile. Mzazi alilala kwenye kitanda cha kamba, na chini ya kitanda nyanya huweka kigae cha makaa, ili joto lipande kwenye mgongo na kiuno. "Mwanamke aliyezaa ni chungu kibichi," alikuwa akisema. "Usipomchoma vizuri atavuja."

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupepea makaa yale uani mpaka yawe mekundu yenye jivu jeupe. Hiyo niliipenda. Ya pili niliichukia. Makaa yakishaingizwa chumbani, nyanya aliniketisha kizingitini, mgongo kwenye ubao wa mlango, mlango wazi, na nisibanduke mpaka kigae kitolewe. "Mgongo wako ndio kabari yangu," aliniambia. Msimu wa mvua upande mmoja wa uso wangu uliungua kwa joto la ndani na upande wa pili ulilowa marasharasha. Wenzangu wakipita wananicheka: bawabu, bawabu. Siku moja shangazi wa mzazi alitaka kuurudisha mlango, anasema mwali wake anapigwa na upepo. Nyanya alimtoa nje kama anavyotoa kuku.

Niliamini nalinda chumba dhidi ya kuku na watu wenye macho mabaya. Sikuuliza. Kwetu mtoto hamwulizi mkubwa "kwa nini"; anapewa kazi, akimaliza anapewa shingo ya kuku. Mimi nilikula shingo nyingi.

Sasa njoo Alief. Binti yangu alijifungua mtoto wa kike, na mimi nikaletwa kutoka Mombasa kuja kumlea arobaini yake. Nilikuja na kiburi kama mizigo yangu, na mizigo yangu ilizidi kilo. Hospitali walimpa maji ya barafu anywe, walaji wa baridi hawa, wakamrudisha nyumbani siku ya pili kama aliyeng'olewa jino. Nikasema, mwachieni kwangu.

Siku ya tisa ikaja ile baridi. Mkwe wangu, dereva wa malori, alikwama Mesquite, mji wa mbali, kwenye maghala; barabara zote zimegeuka kioo. Stima ilikatika alfajiri. Jiko la nyumba ile ni la stima, kipasha joto ni cha stima, hata maji ya bombani yalikauka. Ilipofika saa mbili asubuhi pumzi zetu zilionekana. Mtoto alikuwa na mikono ya rangi ya zambarau. Binti yangu akatetemeka mpaka meno yakagongana, na damu ya uzazi bado inamtoka.

Nikakumbuka mfuko wa makaa ya nyama choma ya mkwe wangu. Nikayawasha kibarazani kwenye sufuria kuukuu ya pilau, nikayapepea kwa kifuniko, nikangoja jivu jeupe kama nilivyofundishwa. Jirani wa ghorofa ya juu, Mkongomani anayefanya kazi ya kulea wazee, aliniona kutoka ngazini, akafikiri napika. Makaa yalipoiva nikayaingiza chumbani, nikayaweka juu ya matofali mawili kando ya kitanda. Nikafunga dirisha. Nikafunga mlango. Chini ya mlango nikasokomeza taulo lililokunjwa, ili hata tundu la sindano lisipitishe baridi. Nilijisifu kimoyomoyo: wamesoma wote hawa, na leo mwenye dawa ni mimi.

Chumba kikapata joto tamu. Moshi haukuwapo, na mimi nilijua ubaya wa moto ni moshi. Baada ya saa moja binti yangu akasema, "Mama, kichwa kinanigonga."

"Ni njaa. Kunywa uji wa chupani, wa jana."

Akanywa kidogo, akautapika. Nikasema ni uzazi. Kichwa changu mwenyewe kilikuwa kinagonga. Nikasema ni uzee. Mtoto hakuamka kunyonya. Nikamtazama, mashavu yamependeza, na nikafurahi, Mungu anisamehe, nikafurahi kwamba joto limemkolea.

Mlango wa nje ukagongwa. Niliposimama miguu ilikuwa kama nguo iliyoloa. Nikatoka, nikaurudisha mlango wa chumba na taulo lake, nikaenda nikishika kuta, nikafungua ule wa nje kidogo. Jirani, kofia mpaka kwenye nyusi, chupa ya chai mkononi.

"Mama, nilikuwa natafuta maji ya moto kidogo." Akatazama kibarazani, akanitazama mimi. "Ile sufuria iko wapi?"

"Iko kwa mzazi."

"Iko ndani? Mama, toa ule moto. Toa saa hii, mutakufa."

"Funga mlango, unampiga mzazi wangu baridi."

"Mama, iko hewa mubaya mule. Haionekani."

"Wewe umezaa wangapi?"

"Saba."

"Mimi tisa. Nenda zako."

Akausukuma mlango, nikageuka nikauegemea kwa mgongo. Mwanamke mzima, nywele nyeupe, nimebana visigino kwenye zulia nikifunga mlango kwa mgongo wangu, na yeye upande wa pili anasukuma na kusema kwa sauti ya chini, bila matusi, "Mama, mimi si adui yako. Muite binti yako. Akiitika, naenda zangu. Muite tu."

Nikamwita. Kimya. Nikamwita kwa jina la utotoni ambalo hakuna mwingine analijua. Kimya.

Mgongo ukaniishia nguvu wenyewe. Mlango ukafunguka, nikaanguka magotini, na yule mwanamke akaniruka. Nilimsikia anapiga lile taulo teke, anapasua dirisha kwa kitu gani sijui, sufuria ikipita juu ya kichwa changu kwenda kwenye barafu, na makaa yakilia tss, tss. Kisha akatoka na mtoto mdogo ndani ya koti lake. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinaning'inia kama ua lililokatwa.

Alipiga simu, akaambiwa gari la wagonjwa litachelewa, barabara hazipitiki. Akatupakia kwenye gari lake, madirisha wazi, na baridi ile ya kukata masikio. Binti yangu nimemlaza mapajani, namzaba makofi madogo. Jirani aliendesha kama anayetembea juu ya mayai, na mkono mmoja akimsugua mtoto mgongoni na kumwambia kwa Kiswahili chake, "Lia, bebe. Lia kidogo. Tukana hata mama yako." Tulipita magari yamelala mitaroni. Mtoto hakulia. Ni karibu na mlango wa hospitali ndipo alipotoa sauti ndogo, kama paka ndani ya gunia.

Wakavikwa vifuniko vya hewa, mama na mwana. Daktari akaja na maswali, jirani akinitafsiria sikioni: moto ulikuwa wa nini, ulikaa muda gani, chumba kilikuwa na upenyo? Binti yangu, macho nusu, akajibu kwamba ni yeye aliyewasha, dakika chache tu, dirisha wazi. Ananikinga. Wanawake wa hapa walikuwa wametujaza hofu: ukikosea, serikali inachukua mtoto, na bibi mwenye viza ya kutembelea anapandishwa ndege. Na mimi nikanyamaza. Nitakwambia ukweli, nilinyamaza kwa muda wa kutosha kuona daktari akianza kuandika ule uongo.

Nikamvuta jirani nguo. "Mwambie ni mimi. Mwambie tangu saa tatu mpaka karibu adhuhuri. Mwambie dirisha nilifunga kwa mkono wangu."

Akatafsiri. Kisha akaniuliza taratibu, "Na taulo pia niseme?"

"Na taulo sema."

Kalamu ya daktari ikasimama. Akatoka mbio, wakarudi watu watatu, wakawahamishia chumba kingine kwenye dawa ya nguvu zaidi. Baadaye aliniambia kwamba hesabu ya saa zile ndiyo aliyoihitaji ili ajue dawa. Lakini kwanza aliniuliza swali moja, hakuuliza kwa dharau: "Kwenu mnafanya hivi, na hawafi?"

Nikafungua mdomo nimjibu kwamba nyanya yangu aliwakanda wanawake wa mji mzima na hakufa mtu. Na ndipo nikauona ule mlango wa nyanya, wazi. Nikamwona msichana mdogo kizingitini, shavu moja linaungua, jingine limelowa, analilia kwenda kucheza. Nikakumbuka paa la makuti lililopitisha shomoro, na ukuta usiofika juu. Nilikuwa nimebeba kutoka Takaungu kigae, makaa, uji na majivuno, na kitu kimoja nilichoacha nyuma ni kazi yangu mwenyewe.

Walikaa hospitali siku nne. Mwanamke wa serikali alikuja na daftari. Nikamjibu kila alichouliza, na hakumchukua mtoto. Siku ya arobaini nyumba ilipojaa wanawake, walingoja nisimulie uzazi. Nikawasimulia taulo. Mmoja alininong'oneza nijisitiri. Nilikuwa nimejisitiri vya kutosha na mlango uliofungwa. Viza yangu ilipoisha nilirudi Mombasa. Nilipoletwa tena, kwa karatasi za kukaa, kila baridi ikitangazwa mimi na Mkongomani wangu tunapita mlango kwa mlango. Yeye anaeleza ile hewa. Mimi naeleza nilivyofanya.

Nyumba ya nyanya haipo. Mpwa wangu kaijenga kwa matofali, madirisha ya vioo, na wazazi wa Takaungu sasa wanajifungulia hospitali, na afadhali. Kinu sijui kiko wapi. Hata ule ubao wa mlango, nimeambiwa walipikia.

Yule wa dukani juzi alinisikiliza mpaka mwisho. Makaa hakuyarudisha, alisema atapikia kibarazani. Nikamwuliza nyumba namba ngapi, akanitajia huku anacheka. Kesho nitakwenda. Nitafuatana na mjukuu wangu yule yule, sasa ana miaka sita, hana subira na ananijibu kwa Kizungu. Milango ya nyumba hizi za kupanga hujifunga yenyewe ukiiachia. Nimemfundisha namna ya kukaa kizingitini, mgongo kwenye ubao. Aliniuliza kwa nini, na mimi nikamwambia.