Ukuta Unaoota Jua

Agustino Mgaya alikuwa fundi mwashi kutoka Makambako, na kazi aliyojivunia kuliko zote ni kanisa la misheni nje kidogo ya Njombe. Basi mwaka 1954, ukuta wa mashariki ulipopata ufa, usingizi ulimwisha. Padri alitaka ubomolewe kabla haujaangukia waumini.

Bruda Romanus, mwalimu wa sayansi wa misheni, aliomba wasubiri kwanza.

“Ufa uliotulia hauna neno,” alimwambia Agustino. “Tuangalie kama huu unaendelea kupanuka.”

Alibandika kipande cha kioo kila upande wa ufa, vikatazamana nusura vigusane. Wakaziba madirisha kwa mablanketi. Bruda akawasha taa ya spiriti, akanyunyizia utambi chumvi, mwali ukawa wa manjano. Kwenye kioo ikatokea mistari myeusi, myembamba.

“Mwanga unarudi kutoka kwenye vioo vyote viwili,” Bruda akaeleza. “Mahali pengine unakutana na kuzimana, ndiyo hiyo mistari. Vioo vikisogeleana hata kwa kiasi kidogo mno kuliko unene wa unywele, mistari inahama. Haya, sukuma ukuta.”

Agustino akacheka. Ukuta wa mawe, mnene namna ile! Akakandamiza kidole gumba kando ya ufa. Mistari ikasogea. Akakiondoa, ikarudi.

“Mama yangu! Bruda, ukuta umenisikia!”

Tangu hapo walichungulia kila siku hadi mvua za kwanza. Asubuhi jua likiupiga ukuta, mistari ilihamia kushoto, na Agustino akahofu ufa unapanuka. Alasiri kivuli kikiingia, ilirudi taratibu. Mwishowe akawa yeye wa kwanza kutamka, “Imerudi palepale.”

Padri akaja kujionea. Aliinama muda mrefu mbele ya vioo, kisha akainuka akitabasamu.

“Kumbe ukuta nao unaota jua kama sisi,” alisema. “Hauendi popote. Uzibe ufa kwa chokaa, Agustino. Halafu uje tuongee habari ya kujenga madarasa mapya.”

Jioni ile mke wa Agustino, Emerensiana, alimsikia akiimba tangu njiani.

“Baba Fidelia, hawabomoi?”

“Hawabomoi. Na wananipa madarasa.”

Emerensiana akapiga kigelegele, majirani wakatoka kuuliza kuna nini. Agustino akawakaribisha kando ya moto, akawasimulia habari ya ule mwali wa chumvi. Walimbishia, wakacheka, wakaomba asimulie tena.