Maikromita Yangu na Ganda la Kahawa

Nicheke mimi kwanza, nanyi mfuate. Nikiwa fundi pekee Kitai mwenye maikromita ya inchi, kile kifaa cha kubana kitu na kupima unene wake, nilipima shafti ya mashine ya Mama Kapinga ya kumenyea kahawa, nikawasomea wakulima waliojaa kipimo hadi sehemu ya elfu kumi ya inchi, kwa sauti ya padri. Nikachonga bushi, pete ya chuma ya kuizunguka shafti. Nilipoivisha shafti, ikapwaya kama gauni la kuazima.

“Chuma cha siku hizi,” nikalalamika.

Tangu wanunuzi binafsi wa kahawa waingie, Mama Kapinga hakubali kupimiwa gunia kabla ya kuona mizani tupu ikisoma sifuri. Akachukua maikromita, akaifunga. Haikufika sifuri. Akaifungua, akachokoa kwa ukucha kati ya taya zake.

“Mwanangu, umepima shafti pamoja na ganda la kahawa.”