Mfunga Kamba Anakwenda Oslo

Mfunga kamba za boti kwenye gati la kisiwa ana viganja vigumu kama ngozi ya kiatu, lakini ramani ya Oslo huikunja polepole kama leso ya harusi. Wiki nzima amekuwa akiitandaza dukani kwa Torunn.

"Ijumaa napanda juu ya paa la jumba la opera. Jumamosi, bustani ya masanamu."

Kila tramu ameitengea saa nzima ya kusubiri.

"Wewe bwana, tramu za kule hazikawii," Torunn alimwambia.

"Na ya mwisho ikiniacha?"

"Utatembea. Kule si kisiwani, ukikosa boti umekwama."

Mfunga kamba akacheka, akaongeza makumbusho mawili kwenye ratiba yake.

Alhamisi asubuhi alifika gatini na begi mgongoni, mkate wake umefungwa kwenye karatasi. Boti ilipopiga honi, alifanya kama kila siku: akafungua kamba, akairusha ndani, akapunga mkono. Boti ilikuwa imeshaondoka ndipo mkono ukaganda hewani: yeye mwenyewe alikuwa bado gatini.

Nahodha aliirudisha boti huku akicheka. Safari hii mfunga kamba alipanda, na Torunn, aliyekuja kumuaga, ndiye aliyemrushia kamba.

"Umeirusha vibaya," mfunga kamba alimwambia kutoka botini, meno yote nje.