Umande wa Saa Saba Mchana

Niahidini kwanza kwamba hamtacheka mpaka nimalize, ingawa najua mtacheka, maana hata mie mwenyewe ile siku ikinijia nikiwa peke yangu jikoni huweka mwiko chini, nikafunika uso kwa kanga, ndipo nikaendelea kupika. Nimewahi kuanguka ukumbini na kamera shingoni mbele ya wakwe wa watu, nimewahi kumwita bibi harusi kwa jina la mke mwenzie, na zote hizo naziita ajali za kazini. Hii ya ua ni aibu, tena niliitengeneza kwa mikono yangu miwili hii, hatua kwa hatua, kwa uzi na pini.

Kazi yangu mnaijua. Hapa Joburg mie ni mpiga picha wa harusi, upande wa wanawake, kule wanaume wasikoingia, hina, singo ya kumsugua bibi harusi, na kutolewa kwake nje, na popote niendapo siachi mkoba wangu wa dharura za bibi harusi, una sindano, nyuzi za kila rangi, tepu, na zile pini za mtandio zenye kichwa cha lulu, kwa sababu shela huchanika dakika ile ile bwana harusi anapobisha hodi. Sasa kwenye harusi moja pale Berea akaja mama mmoja wa Kikenya, Mwalimu Wairimu, aliyekuwa akifundisha mambo ya mimea chuoni Braamfontein, akaziangalia picha zangu akasema mkono wangu umetulia, kwa nini nisifuatane nao Jumamosi moja nikapige vitu ambavyo havijapakwa poda. Nikajiona nimefika. Mtu msomi kama yule, na mie wa darasa la saba Tanga!

Ilikuwa mwezi wa kumi, mwaka 2017. Tuliondoka alfajiri, robot zote za mjini, yaani taa za barabarani, zikituwashia kijani, kwenye kombi ya Papa Ilunga, Mkongo wa Lubumbashi, mlinzi wa maghorofa ambaye akitoka zamu badala ya kulala huenda kutafuta ndege na kamera yake kuukuu, pamoja na wanafunzi wanne wa Mwalimu. Papa Ilunga ndiye aliyenisimulia njiani kwamba Mwalimu anastaafu, Desemba anarudi kwao Nyeri moja kwa moja, na kwamba kwa miaka mingi amekuwa akipiga picha kila ua linaloota kwenye mlima mmoja tu huko upande wa Heidelberg, kusini mwa Joburg, maua yote ameyapata isipokuwa moja. Hilo moja huota palipoungua moto wa majira ya baridi, huchanua siku chache likaisha, na kila mwaka Mwalimu akifika anakuta ama bado ama limeshakauka. Siku ile ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Kwa hiyo msije mkanitetea kwamba sikujua, nilijua, ila sura ya hilo ua tu ndiyo sikuijua.

Jamani, ile nchi! Mtu ukikaa Berea miaka sita unasahau kwamba mbingu inafika mpaka chini. Vilima vimejipanga mpaka macho yanachoka, nyasi changa kijani zinachomoza kwenye weusi wa moto, pundamilia wamesimama wamenona, wasafi utadhani wametoka kufuliwa, na kuna ndege mmoja mweusi mwenye mkia mrefu kuliko yeye mwenyewe, akiruka anauburura kama bibi harusi na shela lake. Nilikuwa nasema mashaallah kila baada ya hatua tatu mpaka wanafunzi wakaanza kuniitikia. Na Mwalimu mwenyewe! Mama wa miaka sitini na kitu, goti bovu, analala kifudifudi kwenye majivu nusu saa nzima kwa ajili ya kijiua kisichozidi ukucha, anainuka mweusi tii kifuani, anacheka. Nilimpenda siku ile kama ninavyompenda mama yangu, na huo upendo ndio ulioniponza.

Maana tulipofika chini ya mlima Mwalimu alituita tukusanyike, ana jambo la kutuonyesha kwenye daftari lake na masharti ya kutuambia, na mie pale pale nikaona pundamilia na mtoto wake wameelekea mwangani vizuri, nikajisemea, aah, nitasikia baadaye kwa wenzangu (hapo ndipo nilipokosea, mengine yote ni matunda yake). Nikawafuata wale pundamilia, nikapanda, nikazunguka jiwe kubwa, na nyuma ya jiwe nikalikuta ua. Limesimama peke yake kwenye majivu, shina nene kama kalamu, jeupe la maziwa, kooni lina michirizi ya zambarau kama imechorwa na fundi wa hina. Sasa mie ni mtu wa Tanga, nimelelewa kwenye nyumba ya kutunga vikuba vya maua vya kuvaa wanawake, kwetu asumini likiachwa mtini mpaka likadondoka mwenye nyumba anaonekana mvivu, ua ni la kuchumwa ukampelekea mtu unayemheshimu. Nikamuwaza Mwalimu na yale majivu kifuani. Nikalichuma. Nikalinusa pia, halina harufu hata kidogo, nikalisamehe.

Nikashuka nalo, nimelificha nyuma ya mgongo, uso umejaa tabasamu la mwenye zawadi. Nilipokaribia nikamsikia Mwalimu anawaambia wale wanafunzi kwamba huota moja moja, likikatwa basi tena mpaka mwaka ujao, na daftari liko wazi mkononi mwake, na kwenye daftari kuna mchoro wa ua jeupe lenye michirizi kooni. Ua likaingia ndani ya mkoba wa dharura lenyewe, sikumbuki kulitia, nikageuka nikasema nimesahau kifuniko cha lenzi kule juu.

Mtu mwenye akili angenyamaza, au angesema. Mie nilirudi nyuma ya jiwe, nikapiga magoti mbele ya kile kishina kilichobaki, nikalifanyia ua kama ninavyomfanyia bibi harusi. Nikalaza shina juu ya shina, nikachomeka pini ya mtandio yote mawili yakashikana, nikazungusha uzi wa kijani, nikaficha fundo kwa majivu. Nikarudi nyuma hatua mbili nikaangalia. Wallahi lilisimama! Na badala ya kuliacha hapo alikute mwenyewe Mwalimu, nikataka na sifa, nikapiga kelele kutoka juu kwamba njooni mwone, nimeona kitu.

Alipanda mlima na goti lake lile, Papa Ilunga amemshika mkono, na alipoliona alikaa chini kwanza, akavua miwani akaipangusa. Wanafunzi wakanipigia makofi. Papa Ilunga akasema mama huyu ana macho ya mwewe. Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, kumbe naangalia pini.

Nilidhani atapiga mara moja tuondoke. Kumbe yule mama hana haraka na ua kama mie nisivyo na haraka na bibi harusi. Akafunga stendi, akafunga ile lenzi ya kupigia vitu vidogo, halafu akasema tungoje wingu, jua ni kali mno. Wingu lenyewe liko mbali huko. Ikawa saa tano, saa sita, na ua limeanza kulegea shingo. Mwalimu akashangaa, akasema labda ni joto, tulifunike kivuli, na nani atashika mwavuli? Aliyeligundua, bila shaka. Nikasimama na mwavuli saa nzima juu ya maiti niliyoiua mwenyewe, mwanafunzi mmoja analimwagia maji ya chupa kwenye mizizi taratibu, na Mwalimu amelala chini analibembeleza kwa Kikikuyu. Mara tatu nilifungua mdomo niseme. Mara tatu nikaufunga.

Wingu likafika saa saba. Ua limeinama sana lakini bado ni ua, Mwalimu akapiga, akapiga tena, na tena, halafu akatuita tuangalie kwenye kioo cha kamera. Likaonekana kubwa, michirizi yote, unaweza kuhesabu, na ubavuni mwa shina tone moja la duara, jeupe, linang'aa. Wanafunzi wakasema ona umande, uzuri gani huu. Papa Ilunga akasogeza uso, mtu wa zamu za usiku yule, anaujua umande kuliko sisi sote.

"Umande?" akasema. "Saa saba ya mchana, na jua hii yote ya tangu asubuhi?"

Mwalimu akabonyeza picha ikakua, ikakua tena, mpaka lulu ikajaa kioo kizima na nyuma yake uzi wa kijani na fundo langu. Halafu mmoja mmoja wakageuza macho, na kila jicho likaishia kwenye mtandio wangu, ambako pini mbili za lulu zilikuwa zimekaa begani wazi kabisa.

Mficha maradhi kilio humuumbua. Nililia palepale, na mwavuli nimeushika, nikasema yote tangu pundamilia mpaka fundo. Nilitegemea atanifokea, na kweli nilitamani anifokee. Akaniuliza tu, "Ulipolichuma lilikuwa zima?"

Nikamwambia lilikuwa zima kabisa, Mwalimu, lilikuwa linameta.

"Ungeniletea hivyo hivyo, mkononi mwako," akasema. "Ningelipiga likiwa bado hai."

Hayo tu. Nami mpaka leo nikiyakumbuka hayo maneno naweka mwiko chini, kwa sababu kuchuma nilichuma kwa ujinga, lakini zile saa tatu za kulisimamisha lilipokuwa linakufa, hizo nilizipoteza kwa makusudi. Tulitafuta mlima mzima, sote, hadi muda wa kufunga geti la hifadhi, mie mbele, natambaa kwenye majivu na baibui langu. Hatukupata la pili.

Ndani ya kombi Mwalimu akafungua daftari, akalilaza lile ua katikati ya karatasi mbili, akaanza kuandika pembeni jina lake la Kilatini (refu kuliko mmea), mlima, siku, hali ya hewa. Halafu akanigeukia akaniuliza jina langu kamili. Nikamuuliza la nini, nikidhani ananipeleka polisi. Akasema ndivyo ilivyo desturi ya kazi yao, kila mmea uliokaushwa lazima uandikwe aliyeuchuma, na karatasi hizo huishi kuliko watu. Nikamtajia, yeye akaandika pole pole, akanitaka nihakikishe herufi.

Tangu siku hiyo sichumi hata mchicha wa watu bila kuuliza, na nikiharibu kitu nakwenda kusema nikiwa bado nimekishika. Mwalimu alikwenda zake Nyeri Desemba ile ile, hiyo karatasi iko naye, na siku wajukuu zake watakapoifungua watakuta ua limeinama shingo, na chini yake, kwa mwandiko mzuri wa kalamu nyeusi: limechumwa na Mwanaidi binti Sefu bin Hatibu, wa Tanga.