Jicho Namba Kumi na Tisa

Mara ya kwanza kukutana na Taratibu, tulivutana juu ya siku. Nilikuwa nimepata kazi ya kukagua na kusafisha macho ya moto kwenye kiwanda cha rangi. Ni vifaa vyenye kioo vinavyotazama matangi; vikiona mwali, vinapiga king'ora na pampu inamwaga povu. Yalikuwa arobaini, na yeye ndiye fundi niliyemwita. Nikamwambia siku mbili. Akasema nne.

"Kwani unayaogesha?"

"Nayapangusa, bosi. Kuoga mtaoga nyie, nikiyamulika kabla pampu haijafungwa."

Tukaishia tatu. Jina la Taratibu nilimpa mimi, na halikuwa sifa.

Mitambo ikishazimwa na pampu ya povu kufungwa, anapanda ngazi, anapangusa kioo kwa kitambaa chenye spiriti, anashuka, anarudi nyuma hatua tano na kulimulika jicho kwa taa ya majaribio inayoiga mwali. Taa ndogo nyekundu ya jicho ikiwaka kule juu, ndipo anasaini kadi ya jicho lile. Kwa miaka sita sikumwona akiruka hatua hata moja.

Kisha mkewe akafariki. Alirudi kazini siku ya tisa. Nilimpa pole, akaipokea kama mtu anayepokea chenji. Binti yake wa miaka saba alichukuliwa na mama mkwe, aliyesema wazi kwamba mtoto hatarudi kwa baba anayelala miji ya watu kila wiki. Miji hiyo nilikuwa nampeleka mimi, kiwanda hadi kiwanda. Taratibu hakubisha. Alikula akiwekewa, akapanda akionyeshwa ngazi.

Mwezi huohuo mkataba wangu wa kiwanda cha rangi ulikuwa unaisha. Meneja alishakubali kuniongezea miaka mitatu. Tungesaini saa nane mchana. Saa saba Taratibu akaniletea kadi arobaini, zote zimesainiwa. Pampu ilishafunguliwa na mitambo ilikuwa inanguruma.

"Bosi, namba kumi na tisa sikumbuki."

"Hukumbuki nini?"

"Kama nimelipangusa. Kama nimelimulika."

"Hii sahihi ya nani?"

"Yangu."

"Basi umelifanya."

Akaitazama kadi. "Mkono umesaini. Mimi sijui nilikuwa wapi."

Nikamweleza kwamba kulirudia ni kusimamisha mitambo na kumwambia meneja hatujui tulichofanya, saa moja kabla ya kusaini. "Liache. Mwezi ujao utaanza nalo."

"Sawa," akasema, akatoka. Nikadhani yameisha. Alikwenda moja kwa moja kwa meneja.

Mitambo ikazimwa, pampu ikafungwa tena. Tukasimama watatu chini ya tangi la kuchanganyia. Taratibu akarudi nyuma hatua tano, akamulika. Nyekundu ikawaka papo hapo. Akapanda, akapitisha kitambaa kwenye kioo. Kitambaa kikatoka kama kilivyoingia, bila doa.

"Umeona?" nikamwambia meneja. "Lilikuwa safi."

Akamgeukia Taratibu. "Bosi wako alijua?"

"Alijua."

"Akasemaje?"

"Tuliache."

Alisema bila chuki, kama anayesoma saa ukutani. Afadhali angekuwa na chuki. Mwenye chuki ana anachotaka, na mwenye anachotaka mnaweza kupatana.

Kwa meneja nilijaribu. Nikaongeza siku, nikaongeza fundi wa pili, nikapunguza muda wa mkataba hadi mwaka mmoja. Naye anajua kununua kama mimi: alimtaka fundi peke yake, aajiriwe pale pale, bila mimi katikati. Akamuuliza Taratibu kama anakubali. Taratibu akauliza kama atakuwa analala kwake. Akaambiwa ndiyo.

Nilikutana naye getini miezi minane baadaye, nimekwenda kuchukua ngazi zangu zilizobaki. Mama mkwe alishaishiwa hoja, mtoto amerudi.

"Mwanao vipi, ndugu yangu?"

"Yupo. Anasoma."

"Na wewe?"

Akafikiri kidogo. "Nafika kazini."

Akanisaidia kupakia ngazi. Mkataba wa miaka mitatu nimeukosa, na fundi kama yule sijapata mwingine hadi leo.